Bosi wa kampuni gani? Kwa mnaotaka kuandika tamthilia za Bongo

Kuna watu wengi wananifuata inbox, "kaka nataka kuandika tamthilia, nianzie wapi", na wengine wanatuma na sinopsisi kabisa, yani muhtasari wa hadithi. Nikifungua tu mistari mitatu najua kilichomo, kuna tajiri, tajiri ana mke mkatili, kuna mtoto wa nje ya ndoa, kuna dada wa kazi mzuri kuliko mwenye nyumba, kuna sumu kwenye juisi, na huyo tajiri ana "kampuni". Mi huwa najibu kwa swali moja tu, kampuni ya nini? Inauza nini, inamdai nani, nani anaidai? Wengi hawarudi tena.

Nimeandikia tamthilia zetu kwa muda, zaidi kama mmoja wa waandishi kadhaa, yani mwandishi mkuu anakupa mtiririko wa episodi we unaandika sini (tukio moja moja) na maneno, kwaiyo haya nayasema nikiwa ndani ya chungu. Na kabla hujaja na ile ya "Bongo hamna kitu bora tamthilia za Waturuki", mi sikubaliani na wewe. Bara TV imetukuta wakubwa bana, ITV 1994, TVT (TBC ya leo) 2000 (Zanzibar wenzetu walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70), na waliokua mwanzoni mwa 2000 wanakumbuka kundi la maigizo la Kaole pale ITV, mtaa mzima mmejazana kwa mwenye TV mmoja na watoto mko chini kwenye sakafu. Kanumba, Ray, Johari, wote pale walipita. Wakahamia kwenye filamu, biashara ikawaka kweli, halafu Kanumba akafariki 2012, waharamia nao wakawa wanakopi kazi kama hawana akili nzuri, soko likayumba. Waigizaji wengi walichokuja kuokolewa nacho ni ving'amuzi. Chaneli ya Maisha Magic Bongo ikaja 2015, Azam nao na chaneli yao ya Sinema Zetu, na leo mtu anapata kazi ya miezi mfululizo kwenye tamthilia moja, kitu ambacho zamani hakikuwepo. Picha ni safi, taa zinaeleweka, waigizaji wapo tena wazuri sana. Kinachotuangusha ni karatasi, yani skripti.

Sasa nieleze kwanini kila tamthilia ni sebule ya tajiri, maana watu mitandaoni wanadhani ni ushamba. Tamthilia inayoruka siku kadhaa kwa wiki inakula sini nyingi mno, prodyuza hana uwezo wa kuhamisha jenereta na kamera kila baada ya masaa mawili, kwaiyo anapata nyumba moja kubwa huko Goba au Kigamboni na ndo inakuwa dunia nzima. Sebule ni sebule, chumba cha wageni kikiwekwa pazia la kijani ni wodi, stoo ni mahabusu. Ukitaka kushuti Kariakoo ukiachana na vibali, watu wanajaa kuangalia, kuna jamaa lazima apite nyuma apunge mkono kwenye kamera, bodaboda anapiga honi, fundi wa kuchomelea yuko jirani, sauti yote imeenda. Ndo maana mwandishi unaambiwa mapema kabisa, "andika sini za ndani". Mi hilo naliheshimu, na we ukitaka kazi liheshimu.

Ila ndani haimaanishi watu wasiokuwa na kazi! Niliwahi kuwa seti moja, steringi ni bosi, kakalishwa kwenye meza na laptop na faili, muigizaji mwenyewe mtu mzima anajua kazi yake akamuuliza mwongozaji, "mimi hapa nafanya nini?" Akajibiwa, "we saini saini tu." Basi sini nzima mzee wa watu anasaini karatasi za A4 nyeupe, hamna hata herufi moja, anasaini anageuza anasaini anageuza, huku anamfokea mkewe. Na mtazamaji anaona bana, hajui ni nini lakini anaona kuna kitu hakipo, ndo anabadilisha chaneli anaenda kwa Waturuki walioingiziwa Kiswahili.

Kwaiyo ushauri wangu, mpe mhusika kazi kabla hujampa mpenzi. Wanaokumbuka tamthilia ya Siri ya Mtungi, ile ya 2012, Cheche ni mpiga picha ana studio, na ukiangalia vizuri mambo yake mengi yanaanzia pale pale kazini, wanawake wanakuja kupiga picha, kuna hela inaingia kuna hela haiingii. Kazi ndo inamleta mtu mlangoni. Bila kazi inabidi kila mtu "apite tu kusalimia".

Chukua dalali wa nyumba. Huyu jamaa anachukua hela ya kuonyesha, anachukua kodi ya mwezi mmoja ya kwake, anajua nani anahama usiku bila kuaga. Na dalali ndo mtu wa kwanza mtaani kujua ndoa ya mtu imekufa, maana baba anakuja kuulizia chumba cha singo wiki mbili kabla mke hajajua chochote, halafu mke nae siku hiyo hiyo anampigia simu dalali huyo huyo anaulizia chumba. Hapo una drama, una vichekesho, na unashuti kwenye kibaraza. Au chukua mama mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, siku ya marejesho, maafisa wamekuja wamekaa kwenye kiti cha plastiki nje hawaondoki mpaka jioni, mume yuko ndani hajui kama kuna mkopo, na mama anatakiwa awakaribishe chai kama wageni wa kawaida. Nyumba moja, watu wanne, hamna helikopta. Au nyumba ya kupanga tu, LUKU imeisha saa mbili usiku na wapangaji wote wanamwangalia mwenye pasi. Ukiniambia hiyo haitoshi episodi nzima basi hujawahi kupanga.

Namna ya kuyapata haya ni kukaa na watu, sio kuangalia tamthilia nyingine. Lakini usimwambie mtu "nipe stori yako", ataanza kukupa ya kwenye redio. Muulize hela. Nani anakulipa, lini, asipokulipa unafanyaje, nani unamkimbia ukimuona kwa mbali. Mama ntilie mmoja alinionyesha daftari lake la madeni, watu hajawaandika majina, kaandika "shati la bluu", "mrefu wa benki", "yule wa maharage tu". Daftari lile peke yake lina wahusika zaidi ya skripti zote nilizotumiwa mwaka huu.

Kwenye komedi naona ugonjwa ni huo huo ila umevaa nguo nyingine. Wale vijana wa Ze Comedy pale EATV, baadae wakaenda TBC wakawa Orijino Komedi, kina Joti, Masanja, Mpoki, walichekesha kwa sababu waliiga watu tunaowajua, mtangazaji wa habari, mchungaji, mheshimiwa, na waliwaiga na kazi zao. Mzee Majuto nae, Mungu amrehemu, alikuwa hakimbilii kichekesho, anakuwa siriasi na ujinga wake mpaka wewe ndo unaona aibu. Siku hizi komedi nyingi ni vipande vya dakika moja vya kwenye simu, na kwa kweli ni shule nzuri ya kufika kwenye pointi haraka, tatizo linakuja yule yule akipewa nusu saa ya TV, anajaza kwa kupiga kelele, kuanguka, kuvaa gauni, na kuiga lafudhi ya kabila la mtu. Usiandike mchekeshaji. Andika konda ambaye anaamini kabisa kutoka moyoni kwamba gari halijajaa, mtetee, mpe na hoja, watu watacheka wenyewe.

Mengine haraka haraka. Soma skripti kwa sauti na mtu mwingine, ukiona anabadilisha maneno yako bila kujua, yake ndo sahihi. Majina ya wahusika yasifanane, Jack na Jackson na Jacky kwenye episodi moja unamtesa nani?

Na hela. Mzee Majuto alipougua 2018 ndo nchi nzima tukaanza kuongelea mikataba ya wasanii, tukaongea wee halafu tukanyamaza, waandishi hata hatukutajwa. Kwaiyo jitetee mwenyewe. Sinopsisi yako peleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaipeleka kwa prodyuza, na ukimpa mtu kazi mpe kwa email sio kwa kumsimulia kwenye baa. Jina lako kwenye kredit liandikwe kwenye mkataba, usiambiwe "tutaliweka tu". Na kipengele cha malipo kisome mara mbili, kisiseme unalipwa episodi ikirushwa, kiseme unalipwa ukishakabidhi skripti, kwa sababu tamthilia inaweza kushutiwa yote ikakaa stoo wanabishana na chaneli, na kuna prodyuza mmoja simtaji mpaka leo nikimpigia ananiambia "bado haijaruka kaka".