Ufaransa kwa baiskeli siku sita: nendeni bonde la Loire

Mkuu, umeuliza mahali pa kutembelea Ufaransa kwa baiskeli, wewe na mkeo, siku sita, hamna mazoezi na mnapenda mambo ya kale. Jibu ni bonde la Mto Loire, kipande cha Blois hadi Azay-le-Rideau. Njia nzima ya baiskeli iitwayo Loire à Vélo ina kama kilomita 900, msiihangaikie. Kwenye kipande hicho ndipo makasri yamesongamana, na kandokando ya mto ni tambarare.

Wengi hukosea kwa kupanga kwa kilomita. Sitini kwa siku zinaendesheka, ila mtafika kasri linafungwa. Wekeni 30 hadi 40.

Treni ya Paris Austerlitz iwashushe Blois, mlale hapo. Kesho yake kasri la Chambord, kwenda na kurudi kama kilomita 40. Mfalme François I alianza kulijenga mwaka 1519. Ndani kuna ngazi mbili zilizosokotana: mmoja apande huku, mwingine ashuke kule, mnaonana kwenye vidirisha tu, hamkutani. Siku ya tatu Amboise. Ya nne, asubuhi Clos Lucé, nyumba aliyofia Leonardo da Vinci, kisha Chenonceau, kasri lililokaa juu ya Mto Cher kama daraja. Ni kilomita 15 hivi, na kutoka Amboise kuna mlima wa kukatisha pumzi. Shukeni msukume, si aibu. Ya tano Tours. Ya sita bustani za Villandry, mmalizie Azay, mrudi Tours kwa treni.

Upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo ratiba hii, inayoelekea magharibi, inaupokea kifuani. Utabiri ukiwa mbaya, igeuzeni, muanzie Tours. Amueni kabla ya kukodi, maana si kila duka linakubali uchukue mji huu urudishe mji mwingine.

Dukani usikimbilie kulipa. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Kiti kikiwa chini, magoti yatalia siku ya pili. Jaribu breki pia. Kule mkono wa kulia kwa kawaida hushika gurudumu la nyuma na wa kushoto la mbele. Aliyezoea kinyume akibana ghafla huruka juu ya usukani. Wanaendesha kulia, na kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza. Vijijini hilo linawaponza wageni.

Mizigo muigawe sawa pande zote mbili za keria, vizito chini. Ukizidisha uzito nyuma, spoku za gurudumu la nyuma zinaweza kukatika.

Bebeni tyubu mbili, vishikio vya kutolea tairi na pampu. Valvu nyingi ni zile nyembamba: fungua kinati cha juu, kibonyeze kidogo kitoe hewa, ndipo ujaze. Usipokifungua utapampu mpaka jasho likutoke na hewa haiingii. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba. Ukibaki, pancha nyingine ni dakika kumi tu.

Chakula: jikoni nyingi za migahawa hufunga saa nane mchana, na Jumapili alasiri na Jumatatu maduka mengi ya vijijini hayafunguliwi. Jumapili asubuhi nunueni mkate na jibini vya kuwavusha hadi Jumanne.