Kijana wa Kondele, usirekodi hicho kipindi bado

Hapana. Unataka kuanzisha ukurasa wa mtandaoni wa kuchambua filamu, redio na siasa, na umeuliza ununue maikrofoni gani, utumie Kiswahili au Dholuo, watu wa Kisumu huwa mtandaoni saa ngapi, na kama unaruhusiwa kucheza vipande vya filamu. Halafu katikati ya hayo maswali ya watoto wazuri umechomeka kwamba kipindi cha kwanza "kitamwanika" mtangazaji fulani wa asubuhi ambaye "inasemekana" analishwa na mheshimiwa fulani. Na eti uko salama kwa sababu utaanza na "haya ni maoni yangu". Omera, nani amekudanganya? Nauliza kwa sababu nahisi namjua, na kama si yeye basi ni pacha wake.

Nilikuwa na ukurasa kama huo unaoutaka wewe, hapa hapa Kisumu, kampeni za 2022 zikiwa zimepamba moto. Filamu, redio, siasa. Filamu hazikuwahi kunisumbua. Nilisema Black Panther, ambayo Februari 2018 ilizinduliwa hapa hapa kwetu na mji mzima ukatembea kifua mbele kwa sababu ya binti yetu Lupita Nyong'o, ina pigano la mwisho linalochosha macho. Nilitukanwa mpaka na jamaa za mke wangu, lakini hakuna aliyeniletea barua. Nikaja kwa redio, nikasema Patanisho ya Radio Jambo inanikera, ndoa ya mtu haifai kusuluhishwa wakati nchi nzima inakunywa chai na kucheka. Nikasema mtangazaji wao Ghost Mulee alinipa raha zaidi akiwa kocha wa Harambee Stars kule Tunisia 2004 kuliko akiwa na vifaa vya kusikilizia kichwani. Maoni makali, labda ya kijinga, lakini kila mtu angeweza kuwasha redio akaamua mwenyewe kama nimekosea.

Sasa nilipoangukia. Kulikuwa na mtangazaji mmoja, kituo sikitaji, ambaye kila asubuhi alimpa mgombea mmoja muda wa kutosha kuzaa na kulea, mpinzani wake akikatwa kabla hajamaliza salamu. Mimi nilikuwa nasikiliza na kurekodi kwa simu, ushahidi wote nilikuwa nao. Ningecheza hizo rekodi mbili, moja baada ya nyingine, nikanyamaza, wasikilizaji wangenielewa. Lakini hapana, nilitaka makubwa. Dereva mmoja akaniambia ameona bahasha. Hakusema ilikuwa na nini ndani, na sikumuuliza, kwa sababu nilishajua jibu ninalolitaka. Jioni ile nikaingia hewani nikatangaza, kwa sauti ile ya mtu anayejiona shujaa, kwamba inasemekana ndugu huyu amenunuliwa, na nikataja kiasi. Kiasi! Sijui nilikitoa wapi. Watu walisambaza kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Nililala nikitabasamu.

Kabla sijarekodi nilikuwa nimemuuliza rafiki yangu mmoja ambaye pale Kibuye kila mtu humwita Wakili. Alisoma sheria miaka miwili akaacha, au chuo kilimwacha, habari hubadilika kutegemea nani analipa chai. Huyu bwana aliniangalia machoni akaniambia, "Weka 'kwa maoni yangu' mbele na 'inasemekana' katikati, hakuna mahakama itakugusa." Akaongeza kwamba kosa la kashfa lilifutwa na Mahakama Kuu 2017. Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli lililokatwa nusu. Kilichofutwa 2017 ni kifungu cha 194 cha sheria ya jinai, yaani kufungwa jela kwa sababu ya kashfa. Kushtakiwa ulipe fidia hakukufutwa. Jela ilikwenda, bili ikabaki. Na mimi jela siiogopi kama bili.

Barua ya wakili, wakili wa kweli mwenye ofisi na muhuri, ilikuja uchaguzi ukiwa umeshaisha na mimi nimeshasahau. Wakili wa Kibuye alikuwa ameniambia pia kwamba wakinyamaza mwezi mmoja nimepona. Uongo mwingine. Kwa kashfa sheria humpa mtu miezi 12 ya kukushtaki. Nikakimbia kufuta klipu. Ilikuwa imeambatishwa kwenye barua, picha za ukurasa wangu na maneno yangu yamechapwa neno kwa neno, pamoja na kicheko changu. Wameandika kabisa, kwenye mabano, kwamba nacheka.

Nilipompata mtu anayejua sheria kweli, alinieleza mambo ambayo ningeyajua mapema ningekuwa bado na ukurasa. "Inasemekana" haikusaidii chochote. Ukirudia uvumi, wewe ndiye umeusema, na mahakamani utaulizwa wewe, dereva atakuwa safarini. "Maoni yangu" husaidia pale tu ambapo maoni yamekaa juu ya jambo la kweli ambalo limejulikana. Kusema mtangazaji anapendelea, huku umecheza rekodi, hayo ni maoni. Kusema amepokea pesa ni madai ya tukio, hata ukiyavisha "maoni yangu" kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akanionyesha kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa, nikahisi tumbo linazunguka: ukimtwika mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka mitatu, fidia haishuki chini ya shilingi 400,000. Kosa likiwa la kunyongwa, haishuki chini ya milioni moja. Kwa hiyo usije pia ukamwita mtu muuaji kwa ajili ya kupata wafuasi.

Tulimalizana nje ya mahakama. Nilisoma maneno ya kuomba radhi kwenye ukurasa wangu mwenyewe, niliyoandikiwa na wao, bila kubadilisha hata nukta. Pesa sitazitaja, ila maikrofoni, kamera na taa vilienda kwa bei ya kutupa, na shemeji yangu alinikopesha zilizobaki na hadi leo kila harusi hunitambulisha kwa wageni kama "mwanahabari wetu". Wakili wa Kibuye nilipomuuliza, alisema kosa langu ni kucheka. Eti ningesema kwa uso mkavu ningeshinda. Huyu mtu bado anakunywa chai pale pale na bado watu wanamuuliza maswali. Kama ni yeye aliyekushauri, mwambie nimemsalimia, na asinijibu.

Nakupa kanuni moja tu, na hii ndiyo nimeilipia: ukitaja mtu kwa jina, sema kile ulichokiona au kukisikia wewe mwenyewe na una rekodi yake, kisha toa hukumu yako juu ya hicho, basi. Usiingie mfukoni mwake. Usiingie kitandani mwake. Na usidhani kukonyeza kutakusaidia, eti "mimi sijasema, ila mnajua gari lake jipya limetoka wapi". Nimeshauliza. Hiyo nayo inahesabiwa.

Najua kwa nini unataka kukimbia. Tangu Baba, Raila Odinga, atutoke Oktoba 2025 kila mtu hapa Kisumu ni mchambuzi, kampeni za 2027 zinanukia, na anayepiga kelele zaidi ndiye anayetazamwa. Ila hao wanasiasa unaotaka kuwapendeza kwa kumchoma mtangazaji hawatakuchangia hata nauli ya boda ya kwenda kortini. Yule wangu, ambaye nilikuwa nampigia debe bure, aliacha kushika simu.

Maswali yako mengine? Dholuo au Kiswahili, changanya, watu wa Nakuru na Kakamega nao wanataka kusikia. Vipande vya filamu sikuwahi kucheza, nilikuwa nasimulia tu. Mengine nimeyasahau, na siwezi kurudi juu kusoma nikiwa na hasira hivi.

Nitumie hati ya kipindi cha kwanza kabla hujarekodi, kwa ujumbe wa faragha. Kata kile kipande cha mheshimiwa, weka rekodi za hizo asubuhi ulizosikiliza. Ile sehemu ya filamu usiiguse, hata ukitaka kuwa mkali zaidi ya hapo, kuwa.