Priseti za ikwalaiza zikikusumbua: kwa mnaoanza kupiga muziki kwa Linux

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, mimi nina kibanda Mwanjelwa, hapa Mbeya. Laptopu yangu ya kazi inatumia mfumo wa Linux, na muziki naupiga kwa programu ya Audacious. Ikwalaiza (vitelezi vya kupandisha na kushusha besi na trebo) au priseti zake (mipangilio ya vitelezi hivyo uliyoihifadhi) zikikusumbua, usiguse kitu kabla hujajua sauti inapita wapi mpaka ifike kwenye spika. Mimi nilianza kwa kugusagusa, na iliniponza.

Kilichonichelewesha zaidi ni mkwaruzo. Nilitengeneza priseti ya kwaya, nikapandisha bendi, yaani vitelezi, za hezi 63 na 125 zinazoshika sauti nzito, hadi desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ili waimbaji wa besi wasikike mpaka barabarani. Kila wakiingia, sabufa inakwaruza. Nikabadilisha waya, kisha nikaipeleka sabufa kwa fundi. Ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa ndani ya laptopu: nyimbo nyingi za siku hizi hutoka studio zikiwa zimeshagusa kilele, yaani desibeli 0 ya kidijitali, na juu ya hapo hakuna nafasi tena. Kila desibeli 6 unazoongeza huongeza kimo cha wimbi la sauti kuwa mara mbili hivi. Ukiongeza 10 ni zaidi ya mara tatu. Linalozidi hukatwa kichwa, na mkato huo ndio mnaousikia kama mkwaruzo. Dawa yake: tazama bendi iliyopanda kuliko zote, kisha shusha priampu, kile kitelezi cha ikwalaiza kinachobadilisha sauti yote kwa pamoja, kwa kiasi hichohicho. Sauti ikipungua, iongeze kwenye sabufa yenyewe.

Hata hivyo mimi sasa napunguza kuliko kuongeza. Audacious ina bendi 10, na kila moja inaweza kupanda au kushuka desibeli 12, kwa hiyo kishawishi cha kupandisha ni kikubwa. Kwaya ikisikika kama inaimba ndani ya pipa, jaribu kushusha hezi 250 kwa desibeli 3 tu, usikilize maneno yanavyofunguka. Na tafadhali msitengeneze priseti mvua ikipiga bati. Masika yetu mnayajua; utajaza trebo ili uishinde mvua, kukikauka wateja wanaziba masikio.

Wakati mwingine priseti ni sawa, lakini sauti inatoka tofauti kabisa na ulivyopanga. Hapo shuku ikwalaiza mbili. Kijana mmoja aliniletea laptopu yenye EasyEffects, ambayo hubadilisha sauti ya mfumo mzima, na juu yake alikuwa amewasha ikwalaiza ya kicheza muziki. Besi iliongezwa mara mbili. Kipimo ni rahisi: zima ikwalaiza ya kicheza muziki, kisha piga wimbo uleule kwa programu nyingine. Kasoro ikibaki, iko kwenye mfumo au kwenye vitufe vya sabufa. Chagua sehemu moja ya kurekebishia, kwingine kote weka sifuri.

Kuna na priseti kupotea. Programu nyingi huandika mipangilio yake zinapofungwa vizuri, kwa hiyo umeme ukikatika na betri imekufa, kazi ya asubuhi nzima inaweza kwenda. Ukimaliza kutengeneza priseti, ihifadhi, funga programu, ifungue tena uhakikishe ipo. Kama haihifadhiki kabisa, fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike `ls -l ~/.config/audacious`. Ukiona mwenye faili ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, basi kuna siku uliendesha programu kwa sudo, amri inayokupa madaraka ya root, na sasa wewe huna ruhusa ya kuandika humo. Rudisha umiliki kwa `sudo chown -R $USER ~/.config/audacious`.

Waliohamia Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux, wajue kwamba mipangilio ya huko hukaa ndani ya `~/.var/app`, si kwenye folda ya zamani. Priseti zenu hazijafutwa, zimebaki nyumba ya kwanza.

Priseti za Audacious zote ziko kwenye faili moja, `eq.preset`, ndani ya folda hiyo ya `.config`. Mimi hulinakili kwenye flashi kila Jumamosi kabla ya kufunga kibanda. Ukitaka kulirudisha, funga Audacious kwanza, isije ikaandika mambo yake juu ya faili lako.