Kabla hujamwandika mtu kuwa ni mvivu

Mdogo wangu uliyepangiwa Tabora kama afisa utumishi au msimamizi, jambo nililolishika kuliko yote katika kazi hii ni kwamba tabia ya mtu kazini mara nyingi ni jibu. Anachelewa, ananuna, anafanya nusu ya anachoweza: kuna kitu ametendewa au amekiona, naye anakijibu. Ukimkemea bila kujua anajibu nini, atanyamaza, lakini kazi haitapona.

Chukua msimu wa tumbaku. Masoko yakifunguliwa, maghala huhitaji vibarua wa kupakia na kushusha marobota. Msimamizi mgeni huona vijana wenye nguvu wakienda mwendo mmoja wa polepole, na akitokea anayekwenda mbio, wenzake humkata jicho mpaka apunguze. Anaandika: wavivu. Waulize taratibu wakati wa chai, si mbele ya tajiri. Watakwambia wanahofia kazi iishe mapema na malipo yaishe nayo, au mbio za mmoja leo ziwe lazima ya wote kesho.

Hofu hiyo haikuzaliwa Tabora. Katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, watafiti waliwachunguza mafundi 14 ndani ya chumba kimoja kati ya 1931 na 1932. Malipo yalipanda kadiri kundi lilivyozalisha, lakini mafundi walijiwekea kiwango chao cha siku, na aliyekizidi alisimangwa au kupigwa ngumi ya bega. Waliamini wakizidisha, ofisi ingeshusha bei ya kazi. Kwa hiyo usipoteze muda kuwahutubia vibarua juu ya bidii. Bandika bei ya kazi ya msimu mzima mlangoni pa ghala, na asiiguse mtu hadi msimu uishe. Mwaka wa kwanza hawatakuamini sana, na wana haki, maana wameahidiwa mengi.

Ofisini moto huwaka kwenye posho za safari. Safari za Urambo, Kaliua na Sikonge zikienda kwa watu walewale kila mwezi, yule anayebaki mezani ataanza kutoka mapema, na hatasema kwa nini. Mwanasaikolojia John Stacy Adams alilieleza hili mwaka 1963: mtu hapimi malipo yake peke yake, huyapima pamoja na jasho lake, kisha huyalinganisha na ya mwenzake. Akiona mizani imelala upande mmoja, hupunguza jasho. Mimi nashauri orodha ya safari iwe wazi ubaoni, pamoja na sababu ya kila aliyechaguliwa. Watu wa huku huvumilia uchache; upendeleo ndio unaowavunja moyo.

Mshahara ulipwe kwa wakati, hilo halina mjadala. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walionyesha mwaka 1959 kwamba mshahara mbaya huleta manung'uniko, ila kinachompa mtu ari zaidi ni kazi yenye maana na kutambuliwa. Msifu mtu kwa jambo mahususi, siku ileile.

Halafu kuna heshima. Mlinzi au dereva anayelingana na baba yako umwamkie shikamoo hata kama wewe ndiye unayesaini ruhusa yake ya likizo. Ukijua na "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, utapokelewa vizuri zaidi. Utani nao uusikilize. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara, na mtani husema mbele ya mkubwa neno ambalo kikaoni hakuna wa kulitamka. Mara nyingi malalamiko ya kweli nimeyasikia kwanza kwa njia hiyo. Lakini mtu asiye na utani na mwenzake akimdhihaki kwa kabila lake, hayo ni matusi. Yakomeshe mara moja.

Ikifika kwenye nidhamu, usiende kwa hasira. Kwa mwajiri binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Mwongozo wa sheria hiyo wa 2007 unataka ajulishwe tuhuma zake, na kwa kawaida apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa. Anaruhusiwa pia kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Akiona ameonewa, ana siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Saa hizo 48 zitumie na wewe: fungua daftari la mahudhurio la miezi ya nyuma, na kama zamani alikuwa anawahi, tafuta ni wiki gani aliacha kuwahi na ni nini kilibadilika ofisini wiki hiyo.