Ada ya meza si tatizo: gharama zinazojificha ukienda kuuza michoro kwenye matamasha ya mashabiki nje ya nchi

Mkuu, umeuliza kama tiketi ya ndege, hoteli na ada ya meza vinatosha kuwa bajeti ya kwenda kuuza printi (nakala zilizochapwa za michoro yako) nje. Havitoshi. Hizo tatu unazijua mapema, unajipanga. Kinachomaliza faida ni kuvusha mzigo mpakani na kurudisha pesa nyumbani.

Anza na uzito. Printi moja ya A3 kwenye karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba ina gramu 37.5. Printi 200 ni kilo 7.5, bado mifuko ya plastiki na makadibodi ya kuzuia kukunjika. Weka na stendi, kitambaa cha meza na vishikio vya funguo vya akriliki, begi la kilo 23 limejaa na nguo hazijaingia. Ukituma kwa kampuni ya usafirishaji, usiamini mizani peke yake. Nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi la 50 × 40 × 30 linalipiwa kama kilo 12 hata kama ndani kuna kilo 5 za mito yenye michoro yako. Kampuni ikikulipia VAT forodhani, itakudai VAT hiyo na ada yake juu. Hoteli nayo inaweza kukutoza kwa kupokea boksi.

Forodhani ndipo watu wanapoumia zaidi, na inasikitisha kwa sababu inaepukika. Mzigo wa kuuza haupati msamaha wa vitu binafsi vya msafiri, hata ukiwa kwenye begi la mkononi. Uingereza, kwa mfano, unaruhusiwa kutangaza mtandaoni bidhaa za biashara unazobeba mwenyewe ikiwa thamani yake haizidi pauni 2,500, lakini VAT unalipa. Kwa printi ni asilimia 20. Kwa mchoro halisi wa mkono ni asilimia 5. Kwa hiyo usiandike "michoro" kwa jumla kwenye ankara. Tenganisha: printi chini ya msimbo wa forodha 4911.91, kazi halisi za mkono chini ya 9701, pamoja na idadi na thamani ya kila moja. Tena, muuzaji asiye na makao ya biashara Uingereza hana kile kiwango cha mauzo ambacho chini yake wenyeji hawalazimiki kujisajili VAT. Anatakiwa kujisajili VAT tangu mauzo ya kwanza, na mhasibu wa kushughulikia hilo ni gharama nyingine.

Karneti ya ATA, yaani hati ya kuingiza vitu nchini kwa muda bila kulipa ushuru, haitakuokoa hapo. Ni ya vitu vitakavyorudi, kama stendi na sampuli za maonyesho. Bidhaa za kuuza haziingii. Na kama unachora wahusika wa watu wengine, kumbuka forodha ina uwezo wa kuzuia mzigo unaoshukiwa kuvunja hakimiliki. Ukizuiwa umepoteza mzigo wote, si ushuru tu.

Viza iulizie kabla hujalipia meza. Marekani, B-1 (viza ya shughuli za biashara) na ESTA (idhini ya mtandaoni kwa raia wa nchi zisizohitaji viza) zinakuruhusu kuonyesha kazi na kuchukua oda za bidhaa zitakazotoka nje. Kukaa mezani unauza papo hapo ni suala jingine, la kumuuliza mwanasheria wa uhamiaji. Kuna pia kodi ya mauzo. California inataka kibali cha muuzaji hata kwa tamasha la siku mbili. Kibali ni bure, kodi si bure: kiwango cha chini ni asilimia 7.25. Ukibandika bei ya dola 20 ikiwa na kodi ndani, dola 1.35 si zako.

Mashine ya kadi ijaribu mapema. Akaunti ya Square, kampuni ya kupokea malipo ya kadi, kwa mfano, inapokea malipo kwenye nchi ilikofunguliwa tu. Ikigoma asubuhi ya kwanza, unabaki na wateja wenye kadi na wewe huna hata chenji. Hata ikikubali, ondoa makato ya kadi, kisha makato ya kubadilisha sarafu.

Kwa printi, ushauri wangu ni kuchapisha kulekule. Unatuma faili, unaokoa uzito na VAT ya kuingiza. Ila agiza nakala moja ya majaribio kwanza, maana rangi hubadilika kati ya mashine na mashine. Angalia vipimo pia: Marekani wanatumia inchi 11 × 17, na A3 ina upana wa inchi 11.7. Printi yako ya A3 haiingii kwenye mfuko wao, na mnunuzi aliyezoea fremu za kule ataiacha.

Sasa piga hesabu. Jumlisha gharama zote zisizobadilika, gawa kwa kinachobaki kwenye printi moja baada ya kodi na makato. Zikiwa dola 1,800, na printi inakuachia dola 9, unahitaji kuuza 200. Kwa siku tatu za saa nane nane, hiyo ni printi moja kila dakika saba, bila kwenda chooni. Ndiyo maana beji ya msaidizi, yaani kitambulisho chake cha kuingilia, iwe kwenye bajeti.

Zisizouzwa usizirudishe kimyakimya. Kabla ya kuondoka nyumbani, peleka orodha yenye idadi forodhani waigonge muhuri, la sivyo wanaweza kukutoza kana kwamba unaingiza bidhaa mpya.