Besi Inakoroma

Swali: Shikamoo fundi. Bendi yetu ya dansi hupiga kwenye baa ya watu 200 hapa Morogoro. Tuna spika mbili za inchi 15; gitaa la besi likiingia tu, zinakoroma. Tununue zipi?

Jibu: Marahaba. Hizo bakini nazo, ongezeni sabufa, yaani spika za sauti nzito tu, mbili za inchi 18. Waya mnene wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika zenu zinabeba mtetemo huo, ngoma na mwimbaji, lazima zikorome. Ziachieni hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) kwenda juu, chini ya hapo zibebe sabufa. Sabufa zikae sakafuni, pamoja. Wati za kwenye boksi usiziamini, nenda dukani na gitaa lako. Mimi nilinunua kwa kusoma boksi. Harusi ya kwanza, koni, ile karatasi ya spika inayotetema, ikachanika.