Gitaa moja, Kigoma: anzia mwaloni, studio itafuata

Wadogo zangu mnaoniuliza mtaanzaje kazi ya gitaa moja na nyimbo za kujitungia, karibu wote mnaanza na studio: ipi nzuri, bei gani, nani atapiga video. Namjibu kila mmoja vilevile. Studio iache kwanza. Mtindo wetu, foku-panki, yaani panki iliyochanganywa na nyimbo za asili, umekuzwa na watu waliosimama mbele za wenzao kabla hawajawa na chochote cha kuuza, na kwa mtu wa Kigoma hiyo ndiyo njia iliyo wazi zaidi.

Panki, muziki wa roki wa kasi na kelele, ilipochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970 ilileta ruhusa kubwa: ukiwa na kodi (chords) tatu za gitaa na jambo la kusema, panda jukwaani. Waliofuata wakaichanganya na nyimbo za asili na gitaa kavu, lisilo la umeme. Violent Femmes, bendi ya Milwaukee, Marekani, walikuwa wakipiga nje barabarani mwaka 1981 pale wanamuziki wa bendi ya The Pretenders walipowasikia na kuwapa nafasi ya kupiga kabla yao kwenye shoo yao usiku uleule. Hawakungoja mtu awafungulie mlango. Walikuwa tayari wanaimba, na aliyepita akasikia.

Basi tafuta mahali watu wanapopita. Kwetu ni mwaloni, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika samaki wanaposhushwa, Kibirizi au Katonga, lakini uende kwa hesabu ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu. Siku za giza wavuvi wako ziwani usiku kucha, mchana wanalala; ukienda na gitaa utawasumbua bure. Mbalamwezi ikianza, wako nchi kavu, wamepumzika, na mapato ya giza yakishagawanywa mfukoni kuna kitu. Hizo ndizo siku zako. Omba ruhusa kwanza kwa uongozi wa mwalo, na akina mama wanaoanika dagaa uwaamkie kabla hujafungua mkoba wa gitaa. Hao ndio watakaosema kama ukae au uondoke, na ndio watakaoimba kiitikio chako wiki nzima kama kimewaingia.

Ukisimama, sikiliza upepo. Upepo ukitoka ziwani, lipe ziwa mgongo ili sauti ibebwe kuelekea kwa watu. Usipige gitaa kwa nguvu zako zote mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwa vijana wengi wanaopenda panki. Kelele isiyopumzika, sikio huizoea, na likishaizoea halisikii maneno. Ukifika kwenye mstari unaouma, laza kiganja juu ya nyuzi zinyamaze kabisa, useme mstari ule peke yake, halafu rudi na kodi kwa nguvu. Watu waliokuwa wakiongea wataacha. Fanya hivyo mara moja tu katika wimbo, maana ukirudia, kimya hicho hakitasikika tena. Na sauti itoke tumboni. Anayepayuka kwa koo wimbo wa kwanza, wa nne hatakuwa nayo.

Nyuzi zitakatika, kwa mtindo huu hazina budi. Weka seti nzima ya akiba, na jifunze kumalizia wimbo kwa nyuzi tano bila kusimama.

Kuhusu lugha nina msimamo. Imba ubeti kwa Kiswahili na kiitikio kwa Kiha, kama ndicho ulicholelewa nacho. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walipokutana kama Kigoma All Stars, jina la wimbo wao lililobaki midomoni mwa watu, Leka Dutigite, lilikuwa la Kiha, na waliolijua hawakuwa Waha peke yao. Usijifanye wa Dar wakati Dar ina watu wake wengi.

Fedha ya mwanzo ni ile unayotunzwa na wasikilizaji. Mtu anakuja na noti, anakuwekea, anarudi kucheza. Pokea kwa heshima. Ila wapo watakaotaka uwataje jina ndani ya wimbo kwa kila noti, kama tunavyosikia kwenye muziki wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Wao ni jadi yao, siwalaumu. Kwako nakusihi ukatae. Wimbo unaosema bei ya dagaa imeshuka na mvuvi hajalipwa hauwezi kumsifu tajiri katikati ya ubeti, ukabaki na nguvu ileile. Mshukuru baada ya wimbo.

Wala usitegemee mwalo peke yake. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, aliyekuwa na jukwaa moja tu alilijua hilo mapema. Uwe na majukwaa ya Mwanga na Mwandiga, humuhumu Kigoma, mahafali, sherehe za watu wanaokufahamu.

Redio ni muhimu bado. Billy Bragg, Mwingereza aliyezunguka na gitaa moja la umeme bila bendi, mwaka 1983 alimsikia mtangazaji John Peel wa BBC akisema hewani kwamba ana njaa. Akakimbilia redioni na biriani ya uyoga pamoja na santuri yake, na Peel akaipiga. Vijana wanakumbuka biriani. Mimi naona alikuwa anasikiliza. Alikijua kipindi anachotaka kuingia. Ninyi mnawatumia watangazaji nyimbo bila hata kujua wanapiga muziki gani saa ngapi.

Sasa ndiyo studio, nyimbo zikishapita mbele za watu na umeona zipi zinaombwa tena. Hapo nenda na karatasi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, wimbo ni wako tangu ulipoutunga, na haki hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini rekodi ni kitu kingine, na prodyuza anaweza kuidai kama hamkuandikiana. Andikeni nani anamiliki rekodi, nani analipwa nini ikichezwa, msaini kabla kinasa sauti hakijawashwa, hata kama ni ndugu yako. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na sajili nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mwanamuziki Ani DiFranco wa Buffalo, Marekani, alianzisha lebo yake ya kutoa rekodi, Righteous Babe, mwaka 1990, akauza kaseti mwenyewe kwenye shoo, na kampuni kubwa zilipomfuata alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Uwezo huo ndio nawatakia.

Na safari ya Dar? Msiirukie. Shem Karenga alipiga na Lake Tanganyika Jazz hapahapa Kigoma kabla ya kwenda Tabora Jazz, na jina lake lilijulikana nchi nzima. Reli ndiyo ileile. Shuka Tabora kwanza, ukiwa umeshapigiana simu na mtu mwenye ukumbi na mkakubaliana siku, nauli na malazi. Watu kumi wakikuuliza utarudi lini, waandike namba zao kwenye daftari kabla hujaondoka, kisha uwapigie mwenyewe siku ya shoo ya pili ikipangwa.